Bingwa Nyumbani kwa Mama Marieta

Masatu Wenceslaus alishuka kwenye lori pale njia panda ya Butiama saa nane mchana, akangoja liondoke kwanza ndipo akajishika kiuno. Hakutaka dereva amwone. Dereva yule alikuwa amembeba bure tangu Musoma kwa sababu alimtambua, na njia nzima alimsimulia jinsi alivyomshuhudia kwa macho yake mwaka themanini na sita, akinyanyua chuma chenye uzito wa wanaume wawili walioshiba. Sasa mtu akikusifia hivyo, utamwambiaje kwamba kushuka tu kwenye lori lake kumekutoa machozi? Masatu alimpungia mkono, akatabasamu, akabaki barabarani na kapu lake.

Ndani ya kapu mlikuwa na samaki wawili wakavu aina ya sato kutoka soko la Mwigobero, sukari kilo mbili, kitenge kimoja, na kaptula ndogo ya mtoto wa kiume. Kaptula ile aliinunua kwa kukisia, maana mtoto mwenyewe alikuwa hajawahi kumtia machoni. Alikuwa mtoto wake wa kumzaa, wa miaka miwili na miezi minne, na leo alikuja kumchukua yeye na mama yake awapeleke kwao Majita.

Mama yake ndiye Boke. Na Boke, msomaji wangu, alikuwa mke wa mtu. Tena mke wa halali, aliyetolewa ng'ombe mbele ya wazee, akachinjiwa na kushangiliwa. Ila aliyemtolea ng'ombe hao hakuwa mwanaume. Alikuwa bibi mmoja mjane, Mama Marieta, aliyezaa mabinti wanne na wote wakaolewa, nyumba ikabaki haina mtoto wa kiume wa kuishika. Huku kwetu Mara mwanamke wa namna hiyo haketi kulia. Anaoa. Wanaiita nyumba ntobhu. Anamleta msichana nyumbani kama mkamwana wake, na watoto atakaowazaa yule msichana, awazae na nani, ni wa nyumba ile. Jina wanapewa la pale na ng'ombe wanarithi wa pale. Aliyewazaa akija kudai, watu wanamshangaa.

Masatu aliyajua yote hayo. Boke mwenyewe alimwambia mapema, walipokuwa bado wanakutana Musoma, kabla mimba haijaonekana. Naye Masatu akacheka. Alicheka mpaka akajipiga paja, akamuuliza bibi kizee wa miaka sitini na kitu atamfanya nini yeye, bingwa wa taifa. Ndoa ya mwanamke kwa mwanamke! Alidhani ni kitu cha kurudisha ng'ombe mchana na kumaliza jioni. Wajita wenzake nao walicheka. Hakuna aliyemwambia kwamba mume mwanaume angalau unaweza kukunjana naye.

Usimlaumu sana. Maisha yake yote kila kilichomsimamia mbele kilikuwa na uzito unaoonekana. Alianzia Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, amepanga chumba Nyasura, akibeba marobota ambayo wenzake waliyaburuta wawili wawili. Wakati huo sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ilikuwa ya kusikia. Mtu mmoja aliyeitwa Apolinary, askari mstaafu, alimwona akipita na robota mgongoni huku anapiga mluzi, akamfuata. Ndiye aliyempeleka Musoma kwenye timu ya kiwanda cha nguo, akamfundisha kunyanyua kwa ekseli ya trekta iliyokufa, maana vyuma vya dukani vilikuwa havipo. Timu ilipewa maziwa ya unga na sukari ya mgao. Masatu akanenepa shingo watu wengine wakikonda.

Apolinary alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila asubuhi kama sala. Ukishakiinua chuma juu, bado hakijawa chako. Kinakuwa chako mwamuzi akitamka neno 'chini'. Mwaka themanini na tano, Dar es Salaam, Masatu alinyanyua uzito ambao hakuna aliyeugusa siku ile. Akasikia ukumbi unalipuka kwa shangwe, akadhani yamekwisha, akaachia. Mwamuzi alikuwa hajafungua mdomo. Medali ikaenda kwa mwingine, na Masatu alilia ndani ya treni mpaka Mwanza. Tangu hapo hakuachia tena kabla ya neno. Akashinda themanini na sita, akashinda themanini na saba. Akapelekwa Nairobi, na kule, kwenye jaribio la tatu, kitu kikakatika kiunoni mwake chuma kikiwa juu. Alikishikilia. Mwamuzi aliposema chini akakishusha taratibu kama alivyofundishwa, kisha akashindwa kutembea hatua nne kurudi kwenye kiti.

Alirudi Musoma amelazwa. Boke alikuwa ameshakwenda Butiama na mimba yake, kama alivyosema atakwenda. Halafu biashara ikafunguliwa, mitumba ikajaa Mwigobero, nguo za kiwanda zikakosa mnunuzi. Timu ndiyo ilivunjwa kwanza. Watu wakapunguzwa kazini, na kwenye orodha hiyo jina lake lilitangulia, kwani bingwa asiyenyanyua ni wa nini? Miaka miwili ilimpita kijijini anajifunza upya kuinama. Baba yake, mzee Wenceslaus, naye alikuwa na lake. Hakutaka kabisa kusikia habari za Butiama. Ilichukua mwaka mzima kumlainisha atoe ng'ombe wa kumrudishia yule mjane. Alipokubali alisema sharti lake mara moja: ukirudi bila mtoto, usiende tena kule; ukienda, kwangu usirudi, mimi sikuzaa dume la kuazimwa.

Basi ndivyo alivyofika mchana ule kwenye uzio wa minyaa wa Mama Marieta, jasho linamtoka, hotuba yake ameikariri neno kwa neno.

Bibi alikuwa uani anapeta ulezi. Alikuwa mwembamba, rozari shingoni, kanga imefungwa kifuani, na mikono yake ilikuwa miembamba kiasi kwamba Masatu angeweza kuizungushia vidole viwili. Alimwangalia mgeni tangu anaingia langoni hadi anasimama mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Mbona umechelewa hivyo? Tulikuwaga tunakungoja tangu mwaka jana."

Neno hilo likamvuruga Masatu. Alijiandaa kwa matusi, alijiandaa hata kwa panga. Hakujiandaa kwa kungojwa. Bibi akamsogezea kigoda, akaona jinsi mgeni anavyokitazama kile kigoda kifupi, akaelewa bila kuambiwa. Akaita ndani kiletwe kiti cha mgongo.

Aliyekileta ni Boke.

Ee Mungu wangu, Boke. Alikuwa amenawiri, amejaa mabega, kitambaa cha bluu kichwani. Alikishika kile kiti kwa mikono miwili akasimama nacho katikati ya ua. Hakukiweka chini wala hakusogea. Macho yao yakakutana, na Masatu akasahau hotuba yote. Aliona kovu dogo la kuungua na uji juu ya kidole gumba chake, lile lile alilokuwa akilibusu, akataka kulia mbele ya bibi wa watu.

"Mpe mgeni kiti, mwanangu," Mama Marieta akasema kwa upole. "Atachoka."

Boke akaweka kiti. Akasema karibu, sauti ikatoka nusu. Akaenda kuleta maziwa mgando, na alipompa kibuyu vidole vyao viligusana. Kila mmoja akakawia kuvitoa. Bibi akaendelea kupeta ulezi wake.

Kisha mtoto akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa anaburuta mchi wa kinu. Mchi mzima, mrefu kumzidi yeye mara mbili, ameukumbatia kwapani, anarudi nao kinyumenyume huku anaguna. Alikuwa na shingo fupi nene na vifundo vya mikono kama vya Masatu mwenyewe. Hata kipofu angejua mtoto yule ni wa nani.

"Wanzagi," Boke akasema, anatazama pembeni, "acha mchi. Njoo umsalimie mgeni."

Wanzagi lilikuwa jina la marehemu mume wa Mama Marieta. Na mgeni alikuwa yeye. Mtoto akaacha mchi, akaja akaweka mkono wake kichwani mwake mwenyewe, hajui bado salamu inafanywaje, watu wazima wote watatu wakacheka pamoja. Kwa muda mfupi wakafanana na familia.

Masatu akaona asipozungumza sasa hatazungumza tena. Akasema shida yake yote. Akasema anamheshimu mama, na nyumba yake, na mila. Akasema baba yake yuko tayari, ng'ombe wapo, tena watakuwa wengi kuliko waliotolewa, na mitamba wawili juu ya heshima. Anachoomba ni kuruhusiwa kumwoa Boke na kwenda na mtoto wake. Aliposema mtoto wangu alimwona Boke akifumba macho.

Mama Marieta alimsikiliza mpaka mwisho. Akaweka ungo chini.

"Sina ubaya na ng'ombe zenu," akasema. "Lakini ng'ombe ninazo. Ng'ombe akifa nanunuaga mwingine. Mimi nikifa, baba, nani atawasha moto hapa? Mabinti zangu wanawasha kwa watu. Huyo Wanzagi ndiye aliyenitoa aibu. Ukinirudishia ng'ombe mia, watanililia kaburini?"

Masatu akasema angemruhusu mtoto aje kumsalimia, likizo zote angekuja. Bibi akatabasamu kwa huruma hasa, na huruma ile ilimkata Masatu kuliko hasira.

"Wewe unafikiri ulimpata Boke kwa ujanja wako," akasema. "Nikuambie, usije ukaambiwa na watu. Mwaka ule wa themanini na sita nilikujaga Musoma kumwangalia binti yangu Justina. Akanipeleka ukumbini, kwa wanyanyua vyuma. Nikakaa mbele kabisa. Nikakuona. Nikasema, kumbe Mungu bado anaumbaga watu. Niliporudi hapa nikamwambia huyu mkamwana wangu: nenda ukakae kwa Justina, ukauze uji pale getini kiwandani. Yuko mtu pale. Nataka mtoto wa yule."

Kuku akapita.

Kisa cha uji kilikuwa kisa cha Masatu. Alikisimulia kiwandani, alikisimulia hospitalini amelala kifudifudi, alikisimulia Majita wavulana wakicheka. Jinsi alivyotoka zamu akamwona msichana mpya getini, akanywa kikombe cha kwanza hana hata njaa, akanywa cha pili ili amuulize jina, akanywa cha tatu ili amuulize tena. Jinsi msichana alivyomwambia tumbo lako litapasuka kaka. Alidhani yeye ndiye aliyemwinda. Kumbe alikuwa ameshachaguliwa kama mtu anavyochagua dume mnadani, akafuatwa mpaka getini kwake.

Akamgeukia Boke. "Kweli?"

Boke alikuwa amesimama mlangoni, ameushika mwimo wa mlango. Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta.

"Kweli."

"Miezi yote ile, Boke. Yote."

"Mama alinituma mara moja," Boke akasema. "Siku ya kwanza. Nilipojua nina mimba aliniletea habari nirudi, kazi imekwisha. Sikurudi. Nilimdanganya Justina, nikamdanganya na mama, nikakaa miezi mingine mitatu nauza uji ambao nilikuwaga siutaki hata kuunusa, tumbo linanichafuka, ili nikuone unatoka zamu. Siku ya kwanza nilitumwa, Masatu. Siku zingine zote nilikujaga mwenyewe."

"Hilo nalo najua," Mama Marieta akasema taratibu. "Sijamkasirikia."

Masatu akainuka. Aliinuka kwa kushika mkono wa kiti, kidogo kidogo, kiuno kinamlalamikia, akamwendea Boke mpaka akasikia harufu ya moshi kwenye kitambaa chake. Akamwambia kwa sauti ya chini waondoke. Sasa hivi, yeye na mtoto, watembee mpaka njia panda, lori lolote litawachukua, watu wanamjua. Nani atawazuia?

Na kweli, nani angewazuia? Ua ulikuwa na bibi mmoja mwembamba na ungo wa ulezi. Hapakuwa na mwanaume yeyote mahali pale. Masatu hata na kiuno chake kibovu angeweza kumbeba yule bibi na kumweka kando kama kikapu. Hilo ndilo lililomtesa. Mikono yake ilikuwa haina pa kushika.

"Boke si mfungwa," Mama Marieta akasema, maana masikio yake yalikuwa mazima. "Akitaka kwenda, aende, nitampa na kuku wa njiani. Ng'ombe sitadai hata mguu. Kaka yake alishaoa kwa ng'ombe hao, mambo yameisha. Lakini mtoto ni wa nyumba hii. Mkimchukua, wazee watamfuata mpaka Majita, na baba yako ni mtu mzima, hatawanyima mtoto wao. Muulize."

Masatu hakuhitaji kumuuliza. Alimjua baba yake. Mzee angepiga kelele, angetukana, halafu angemwosha mtoto miguu na kuwakabidhi. Mila ya mwenzake angeicheka mdomoni tu.

Boke alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa amerudi kwenye mchi wake. Kisha akamtazama Masatu, kwa muda mrefu sana, kama mtu anayetaka kubaki na kitu.

"Nikitoka hapa natoka peke yangu," akasema. "Siwezi, Masatu. Usiniombe tena, maana ukiniomba mara ya pili nitakuja, halafu nitakuchukia."

Hakumwomba mara ya pili.

Mama Marieta akamwambia mlango wake uko wazi. Aje wakati wowote, alale, ale, hakuna wa kumfukuza, na wakijaliwa watoto wengine watashukuru wote. Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Halafu akatupa jicho kwenye kiuno cha Masatu na kuongeza kwamba amesikia alivyoumia, pole sana, Mungu ni mwema kwamba yule mtoto alitangulia kupatikana.

Masatu alisikia maneno yale yakiingia moja moja. Alitangulia. Ni kweli. Nguvu zake zote, marobota ya Bunda, ekseli ya trekta, Dar es Salaam, Nairobi, kilichobaki cha hayo yote kilikuwa pale uani kinaburuta mchi, na kiliitwa Wanzagi. Angekuja hapa kila mwezi na kapu. Angeitwa mgeni. Mtoto angekua, siku moja angeuliza yule mzee anayechechemea ni nani. Na huko Majita baba yake asingempokea tena. Aliona pande zote mbili, na hakuna hata upande mmoja aliouweza.

Akampa Boke kapu. Kaptula ndogo ilikuwa juu. Boke aliitandaza kifuani mwake, akaipima kwa macho, ilikuwa inatosha kabisa. Akaikunja tena haraka.

Masatu akachukua kofia yake aondoke. Hapo ndipo mtoto alipokuja akasimama mbele yake, akainua mikono yote miwili.

"Juu," akasema.

Alizoea kuinuliwa na mama yake jioni aone ng'ombe wakirudi. Boke akaruka kumzuia, akasema hapana, mgeni anaumwa. Daktari wa Musoma alikuwa amemkataza Masatu kubeba hata ndoo ya maji. Lakini Masatu alishaweka kofia chini. Akatanua miguu kama alivyofundishwa, akakaza tumbo, akakunja magoti, mgongo wima, akamshika mtoto chini ya makwapa. Akavuta pumzi. Akamnyanyua hadi kifuani. Kitu kikamchoma kiunoni akaona giza, akangoja giza lipite, halafu akamsukuma juu mpaka mikono ikanyooka.

Mtoto akacheka. Alicheka kwa nguvu huko juu, akapiga piga miguu, akaona paa la nyumba, akaona minyaa na ng'ombe wa mbali. Mama Marieta alisimama, viganja mashavuni, uso wake umerudi kuwa ule wa mstari wa mbele ukumbini. Masatu hakumwangalia. Alimwangalia Boke.

Jasho likamwingia machoni. Hakumshusha. Hakuna aliyekuwa amesema neno, na yeye hakuwa mtu wa kuachia kabla ya neno, tangu mwaka themanini na tano. Kama wangenyamaza wote mpaka jua lizame angebaki vile vile na mwanawe juu, wake, hewani, si wa nyumba yoyote. Boke alielewa. Yeye ndiye aliyewahi kusimuliwa kisa cha Dar es Salaam gizani, kichwa cha Masatu kikiwa mapajani mwake. Alijua kinachongojwa, na alijua ni nani anayengojwa akiseme. Midomo yake ikafunguka mara mbili, ikajifunga. Mguu wa Masatu ukaanza kucheza.

"Chini," Boke akasema.

Akamshusha taratibu, kifuani kwanza, kisha magoti, kisha ardhini, nyayo zote mbili za mtoto zikagusa vumbi pamoja. Hakuangusha. Akamwachia.

Aliokota kofia yake kwa shida na kugeuka kuelekea langoni. Alikuwa amepiga hatua tatu aliposikia miguu midogo inamfuata mbio, na mkono ukamshika suruali nyuma ya goti.

"Tena," mtoto akasema.